Ngazi isiyopanda popote: pambo la saloni za Marekani lililoanza kama mlango

Hivi karibuni dada yangu, binti wa mama mkubwa, alitupigia simu ya video kutoka Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani. Anaishi huko na watoto wake tangu walipohamishwa kutoka kambi ya wakimbizi, sawa na familia nyingine za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Tucson na Phoenix. Alitaka tuone nyumba aliyopanga. Akazungusha simu polepole: viti, televisheni, meza ya chakula, na kwenye kona ya saloni, ngazi ya miti iliyoegemezwa ukutani. Juu ya vipandio vyake alikuwa ametundika vitenge vinne.

Mama mkubwa, aliyekuwa ameketi nasi hapa Bukavu, alikaza macho, kisha akauliza kama mafundi hawajamaliza kazi. Dada akacheka. Akaeleza kwamba ngazi ile si ya mafundi, ni pambo. Aliikuta katika duka la vitu vya mtumba, na majirani zake kadhaa wanayo. Ilikuwa bado na kikaratasi kilichoandikwa kwamba ni ngazi ya « kiva ». Mama mkubwa akauliza tena: sasa inapanda wapi?

Hakuna aliyejibu. Simu ilipokatika, swali lilibaki. Kwetu ngazi ndani ya nyumba ni dalili kwamba kuna tole la kubadilisha au ukuta wa kupaka rangi, na kazi ikiisha inarudi nyuma ya nyumba. Ni kwa nini basi watu wa kusini-magharibi mwa Marekani wanaiweka saloni, mahali pa wageni? Jibu linaturudisha nyuma karne nyingi, kwa watu ambao ngazi ndiyo iliyokuwa mlango wao.

Miti miwili na vipandio vichache

Tuanze na kitu chenyewe. Ngazi hizi hazitengenezwi kwa mbao zilizopasuliwa na kurandwa. Ni miti miwili mirefu ya mviringo, mara nyingi ya msonobari au ya jamii ya mreteni, iliyomenywa maganda na kuachwa na mafundo yake. Katikati hupita vipandio, navyo ni miti midogo. Mara nyingi kila kiungo hufungwa kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi hiyo hulowekwa kwanza, ikafungwa ikiwa laini; ikikauka hujikaza na kushika kuliko kamba.

Nyingi ni pana chini na nyembamba juu, na ile miti miwili huendelea kupita kipandio cha mwisho, kama pembe zinazoelekea mbinguni. Umbo hilo ndilo linalozitofautisha na ngazi ya kawaida ya fundi.

Katika nyumba za mtindo huo, ngazi huwekwa karibu na kuta za rangi ya udongo, vigae vyekundu vya sakafuni, na boriti za miti zinazoonekana darini. Juu yake hutundikwa mablanketi na mazulia ya kusuka, hasa yale ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Wengine huifanya mahali pa taulo bafuni, au huiegemeza nje, kwenye ukuta wa baraza, bila kutundika kitu chochote.

Nyumba zisizokuwa na mlango chini

Wahispania walipofika katika eneo hilo mwaka 1540, walikuta vijiji vya nyumba za udongo na mawe zilizopandana ghorofa juu ya ghorofa. Wakaviita pueblo, neno la Kihispania lenye maana ya kijiji au watu. Jina likawashika wenyeji wenyewe mpaka leo. Sasa kuna jamii 19 za Pueblo katika jimbo la New Mexico, kila moja ikiwa na utawala wake, na Wahopi, ambao ni ndugu zao kwa utamaduni, wanaishi Arizona.

Kijiji kinachojulikana zaidi ni Taos Pueblo, kaskazini mwa New Mexico, ambacho UNESCO ilikiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1992. Msomaji wa Kivu angezitambua kuta zake mara moja, kwa sababu ni matofali ya adobe: udongo uliochanganywa na majani makavu, ukatiwa katika forma, ukakaushwa juani bila kuchomwa. Kila mwaka wakaaji hupaka kuta hizo udongo mpya, maana mvua na theluji huzila.

Tofauti ilikuwa kwenye mlango. Zamani vyumba vya chini vya Taos havikuwa na mlango wala dirisha kubwa upande wa nje. Mtu aliegemeza ngazi ukutani, akapanda mpaka juu ya paa la ghorofa ya kwanza, kisha akashuka ndani kupitia tundu lililo darini. Ghorofa ya pili ilijengwa nyuma kidogo, hivi kwamba paa la jirani wa chini lilikuwa uwanja wa jirani wa juu. Ili kwenda kumsalimia shangazi, ulihitaji ngazi nyingine.

Walijenga hivyo kwa ajili ya ulinzi. Adui alipoonekana, watu waliingia ndani na kuvuta ngazi juu. Kilichobaki nje ni ukuta mtupu. Mgeni mwenye nia mbaya hakuwa na kitasa cha kushika wala mlango wa kuvunja.

Hapa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Anayejua jinsi ya kulala akisikiliza kila hatua inayopita nje ya parseli anaelewa mara moja thamani ya mlango ambao unaweza kuuvuta juu usiku na kulala nao kando yako.

Kabla ya vijiji kama Taos kufikia sura yake ya sasa, mababu wa Wapueblo walijenga pia ndani ya majabali. Huko Mesa Verde, katika jimbo la Colorado, nyumba za mawe za karne ya 12 na ya 13 zimesimama chini ya miamba iliyojikunja kama mapango. Ile kubwa, iitwayo Cliff Palace, ina vyumba vipatavyo 150. Wakaaji walipanda na kushuka kwa ngazi na kwa mashimo madogo ya vidole yaliyochongwa kwenye mwamba. Kufikia mwaka 1300 hivi walikuwa wameondoka kuelekea kusini, na watafiti wanataja ukame mrefu miongoni mwa sababu.

Mtalii wa leo anayetaka kuingia Balcony House, nyumba nyingine ya Mesa Verde, hupanda ngazi ya mbao ya mita 10 hivi. Katika hifadhi ya Bandelier, New Mexico, pango liitwalo Alcove House liko mita 43 juu ya bonde, na kulifikia ni kupanda ngazi nne za miti, moja baada ya nyingine. Zilizopo leo ni mpya, zimewekwa na wahifadhi. Lakini anayefika juu huku magoti yakitetemeka anakuwa amejifunza kwa mwili wake kwamba ngazi hizo zilikuwa barabara ya kila siku, ya mama mwenye mtungi wa maji na mzee mwenye mzigo wa mahindi.

Ngazi nyingine, isiyo ya wageni

Turudi kwenye kile kikaratasi cha dukani, maana neno « kiva » si jina la kiwanda. Kiva ni chumba cha ibada na mikutano cha Wapueblo, mara nyingi kilichochimbwa chini ya ardhi, cha mviringo au cha pembe nne. Mlango wake ni tundu la paa, na njia ya kuingia ni ngazi ambayo miti yake hutokeza nje, mirefu, ikionekana kutoka mbali. Katika kiva nyingi za zamani kuna tundu dogo sakafuni liitwalo sipapu. Linakumbusha simulizi ya asili: kwamba watu walitoka katika ulimwengu ulio chini, wakapanda mpaka huu wa jua.

Anayetoka ndani ya kiva kwa ngazi hupita hivyo katika kumbukumbu ya jinsi watu wake walivyofika duniani. Ndiyo sababu vijiji kama Taos na Acoma huwakaribisha watalii, lakini huwakataza kukaribia kiva na kupanda ngazi zake. Mambo yanayofanyika humo ni ya wenyewe, na hawalazimiki kuyaeleza kwa mtu aliyelipa tiketi.

Ulinzi huo una historia. Katika karne ya 17, mapadri na watawala wa Kihispania walipiga marufuku ibada za kiva, wakachoma vinyago, wakawaadhibu viongozi wa dini. Tarehe 10 Agosti 1680 Wapueblo waliamka kwa pamoja chini ya kiongozi aliyeitwa Po'pay, wakawafukuza Wahispania kwa muda wa miaka 12. Kati ya mambo waliyopigania lilikuwa hilo: haki ya kushuka tena kwa ngazi ile.

Jinsi ilivyoingia saloni

Safari ya ngazi kutoka ukuta wa Pueblo mpaka kona ya saloni ilianza na reli na hoteli. Mwaka 1905, pembeni mwa bonde kubwa la Grand Canyon, kampuni ya Fred Harvey ilifungua jengo liitwalo Hopi House, lililochorwa na mwanamke msanifu, Mary Colter. Lilijengwa kwa mfano wa nyumba za Wahopi, na Wahopi wenyewe walifanya kazi ya ujenzi, pamoja na mapaa ya ngazi kwa ngazi na ngazi za miti zilizoegemea kuta. Wasafiri walishuka kwenye treni, wakatazama, wakanunua vyungu na mazulia. Ngazi ikawa sehemu ya picha waliyorudi nayo nyumbani.

New Mexico ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1912, viongozi wa Santa Fe walikuwa wanatafuta sura ya kuutambulisha mji wao. Wakachagua ile ya udongo. Wasanifu kama John Gaw Meem walichora hoteli, makanisa na nyumba za matajiri kwa mtindo huo, na mwaka 1957 mji ukapitisha sheria inayolazimisha majengo ya eneo la kihistoria kuufuata. Mpaka leo katikati ya Santa Fe hata duka la kisasa huvaa kuta za rangi ya udongo.

Wasanii nao waliongeza chumvi yao. Mchoraji Georgia O'Keeffe, aliyeishi Ghost Ranch na Abiquiú, alikuwa na ngazi ya miti iliyoegemea ukuta wa nyumba yake, aliyoipanda kwenda kukaa juu ya paa jioni. Mwaka 1958 alichora « Ladder to the Moon »: ngazi peke yake, ikielea hewani katika anga la kijani na buluu, nusu ya mwezi ikiwa juu yake. Katika mchoro huo, ngazi ni kitu cha kutazamwa hata bila kupandwa.

Katika miaka ya 1980 mtindo wa Santa Fe ulienea Marekani nzima kupitia magazeti ya mapambo na vitabu. Mtu wa Chicago asiyeweza kubomoa nyumba yake na kujenga ya udongo aliweza angalau kununua ngazi, blanketi na chungu. Ngazi ni kitu rahisi: haihitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na ukihama unaondoka nayo begani. Hata mpangaji mwenye saloni ndogo, kama dada yangu, anaweza kuimudu.

Nani ananufaika?

Hapo ndipo pambo linapogusa haki. Maduka mengi huuza « ngazi za kiva » zilizotengenezwa viwandani, mbali kabisa na New Mexico, na fundi wa Pueblo hapati hata senti. Jina la mahali pa ibada linabandikwa kwenye kitu cha kutundikia taulo.

Sisi Wakongomani tunalijua jambo hilo kutoka upande mwingine. Vinyago vyetu vilikusanywa wakati wa ukoloni, vikatundikwa katika kuta za Ubelgiji na watu wasiojua vilikuwa vinatoka siku gani na kwa sababu gani. Mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe alipoleta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku na kukikabidhi kwa jumba la makumbusho la taifa kwa mkopo usio na mwisho, wengi walijiuliza: mtu anakopeshwaje kitu chake? Mpueblo anayeona neno kiva kwenye kikaratasi cha bei anaweza kuwa na swali linalofanana na hilo.

Sheria ya Marekani inagusa sehemu moja ya tatizo. Sheria ya mwaka 1990 juu ya sanaa za wenyeji wa asili inakataza kuuza kitu kwa kudai kwamba kimetengenezwa na wenyeji hao wakati si kweli. Mtu anayepatikana na kosa kwa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini ya mpaka dola 250.000, kufungwa mpaka miaka mitano, au vyote viwili. Lakini kuuza ngazi na kusema tu kwamba ni ya « mtindo wa kusini-magharibi » si kosa. Hapo mnunuzi anabaki na dhamiri yake.

Si lazima mtu aiondoe ngazi nyumbani. Umbo la miti miwili na vipandio si mali ya kabila moja. Karibu kila watu duniani wana ngazi yao. Kinachomfaa mnunuzi ni maswali machache: nani ameitengeneza, wapi, na je, jina inaloitwa ni lake kweli? Wapueblo na Wanavajo wanauza wenyewe kazi za mikono yao katika vijiji vyao, na pia chini ya baraza la Palace of the Governors katikati ya Santa Fe, ambako muuzaji huketi na kazi yake na mnunuzi huongea naye ana kwa ana. Anayenunua blanketi hapo na kulitundika kwenye ngazi aliyochonga mwenyewe amefanya vizuri kuliko anayenunua « kiva » ya kiwandani.

Kwa anayetaka kuitengeneza

Kazi yenyewe haimshindi fundi wa mbao wa kartie yoyote. Chagua miti miwili iliyonyooka, ya unene wa sentimita 5 hadi 7 na urefu wa mita 2 hivi. Imenye maganda ikiwa mibichi, maana ikikauka inakuwa kazi ngumu. Ianike kivulini, si juani, kwa wiki kadhaa. Jua kali huipasua, hasa mikaratusi. Mti usiokauka vizuri hujikunja baadaye na kuvuta ngazi upande.

Vipandio vitano au sita vinatosha. Toboa miti ya pembeni, ingiza vipandio kwa gundi, kisha funga viungo kwa ngozi iliyolowekwa au kamba ya katani. Acha nafasi ya sentimita 30 hadi 35 kati ya kipandio na kipandio, ili kitambaa kilichokunjwa kining'inie bila kufunika kingine. Tazama kama kuna vumbi jeupe linalodondoka: hiyo ni dalili ya wadudu wa mbao, na mti wa namna hiyo usiingie nyumbani kabla ya kutibiwa. Maliza kwa msasa mwepesi na mafuta ya mbao. Vanishi inayong'aa huiondolea sura yake ya shamba.

Miguu ya ngazi iwe sentimita 40 hivi kutoka ukutani, na uibandike raba chini isiteleze. Juu, ifunge ukutani kwa ndoano au skrubu. Ngazi ya pambo haikutengenezwa kubeba uzito wa mtu, lakini mtoto haambiwi hivyo akaelewa.

Usiijaze pia. Nyumba zilizokuwa mfano wake zina kuta tupu na vitu vichache. Vitambaa vitatu au vinne vinatosha, na kipandio kimoja kikibaki wazi, jicho linaona bado kwamba hiki kilikuwa kitu cha kupandia.

Jibu kwa mama mkubwa

Wiki iliyofuata dada alipiga tena, nami nilikuwa na la kueleza. Nikamwambia mama mkubwa kwamba ngazi ile ilikuwa inapanda mpaka juu ya paa, na kutoka paani watu walishuka ndani, na kwamba adui akija waliivuta juu, nyumba ikabaki bila mlango. Alinyamaza kidogo. Hakuuliza juu ya rangi wala juu ya bei. Aliuliza kama, baada ya kuivuta, watu wale walikuwa wanapata usingizi.

Sikuwa na jibu la hilo. Dada, kule Tucson, alisema amekiondoa kile kikaratasi chenye neno kiva, na vitenge bado vipo. Ila ameifunga ngazi ukutani kwa skrubu mbili, kwa sababu mtoto wake wa mwisho ameshaanza kuipanda.